Jasho la Bwana Mwinjuma

Nchi yetu sitaitaja kwa jina. Si kwa woga. Jina la nchi ni mali ya Serikali, kulitumia kunahitaji kibali, na ofisi ya vibali hufunguliwa siku ambazo hazitangazwi. Itoshe kujua kwamba ni nchi nzuri, ina bendera na uwanja wa ndege, na wananchi wake wana furaha. Furaha hiyo Serikali iliipima yenyewe ikaona inatosha.

Mimi ni dobi. Kibanda changu kiko nyuma ya soko la Mtaa wa Utulivu. Nina makarai, kamba, pasi ya mkaa na uzi wa kila rangi. Kila mteja ana uzi wake. Namshonea alama ndogo ndani ya kola ili shati lake lisiende kwa mwingine. Mwalimu Mkuu ni mwekundu. Mchungaji ni mweupe, alichagua mwenyewe. Kazi ni hiyo tu, na kwa miaka mingi hakuna mkubwa aliyejali.

Mambo yalianzia juu. Kwanza Serikali ilitaka mabenki yaseme wateja wao wana nini. Yakasema. Kisha ikataka makampuni ya simu yaseme wateja wanaongea na nani, na wanaongea nini. Yakasema, tena yakaongeza na yale ambayo wateja walitaka kusema wakaghairi. Hospitali zikasema nani anaumwa wapi. Mtaani kwetu hakuna aliyeshtuka. Wengi hatuna akaunti benki, na ugonjwa wa mtu kwetu hujulikana kabla mwenyewe hajaujua.

Halafu ikatoka amri kwamba kila mwenye mteja, awe nani, amkabidhi mteja wake kwa Serikali. Si mwili. Habari zake tu. Mwili ungefuata kama ungehitajika.

*

Tuliitwa semina katika ukumbi wa wilaya. Tulifurahi. Tulikuwa tumeiandikia Serikali mara nyingi kuhusu bomba la maji bila kujibiwa, tukadhani haijui tulipo. Kumbe inajua. Tulikuwa vinyozi, washona viatu, wapaka hina, wauza chapati. Kila mtu alipewa soda na kofia yenye maneno MTEJA WAKO NI WETU.

Mgeni rasmi alikuwa Dokta Mhandisi Chekanao, Mkurugenzi Mkuu wa Idara ya Kuwajali Wateja wa Wengine. Alichelewa kwa kadiri ya cheo chake, akapanda jukwaani, akafuta miwani.

"Ndugu zangu," alisema, "kuna neno limeingia nchini bila kulipiwa ushuru. Faragha. Faragha ni nini? Nimefanya utafiti. Faragha ni sehemu ya nchi ambayo Serikali haijafika. Na sisi kwenye uchaguzi tuliwaahidi nini? Kufika kila mahali!"

Mpiga makofi wa wilaya akaanza, sisi tukafuata.

"Barabara haijafika kwetu, mheshimiwa," mtu mmoja akasema kutoka nyuma.

"Barabara ni mambo ya nje, ndugu. Sisi tunaanzia ndani."

Mama Tausi, anayeuza chapati karibu na kibanda changu, akainua mkono. "Mheshimiwa, nina mteja siku zote anakula chapati moja. Leo kala mbili. Niseme?"

"Useme. Hilo ni ongezeko. Serikali inataka kujua ongezeko limetoka wapi."

"Na akiacha kula kabisa?"

"Useme mbio. Huyo amegoma."

"Si huenda tumbo linamuuma?"

"Mama, tumbo ni habari ya hospitali. Tutaipata kule. Usiingilie kazi ya idara nyingine."

Kinyozi mmoja akauliza afanyeje na mteja anayenyolewa huku amenyamaza. Dokta Chekanao alimtazama kwa huruma. "Kichwa chake umekishika wewe," alisema. "Utashindwaje kujua kilichomo?"

Nikasimama mimi. "Mheshimiwa, mimi ni dobi. Nguo hazisemi."

Uso wake ukang'aa. "Dobi! Wewe ndiye hazina yetu. Mtu anaweza kuidanganya benki. Anaweza kumdanganya mkewe. Lakini hajazaliwa mtu wa kulidanganya kwapa la shati lake. Jasho, ndugu yangu! Mwananchi mwema hutoa jasho. Hutoa la kazi, na baada ya hapo hutoa la kuiheshimu Serikali. Asiyetoa jasho nina swali moja tu kwake. Anajiamini nini?"

Tulipiga makofi tena. Soda ilikuwa ya moto.

*

Ilionekana madobi hatuna elimu ya kutosha ya kunusa, kwa hiyo tuliletewa mtaalamu. Aliitwa Bwana Masumbuko, Afisa Mnusaji Daraja la Pili, aliyesomea nje. Pua yake ilikuwa mali ya umma. Akiwa njiani aliifunika kwa kitambaa cha rangi za bendera, na alipofika kibandani aliifunua polepole, kama mtu anayezindua jiwe la msingi. Siku aliyopata mafua, wilaya nzima iliambiwa isubiri.

Alikuja kila Jumanne kabla sijafua. Hakuwa mtu mbaya. Alinisalimia vizuri, akaniuliza hali ya watoto, kisha akafumba macho na kuanza.

"Uzi mwekundu?"

"Mwalimu Mkuu."

"Chaki. Jasho. Ugomvi wa nyumbani. Kawaida. Uzi mweupe?"

"Mchungaji."

Alinusa, akarudia. "Marashi ya mwanamke."

"Ya mkewe, afisa."

"Mkewe anajipaka nini?"

"Mimi nitajuaje?"

"Sisi tunajua," alisema. "Si haya."

Mchungaji alihamishwa. Wateja wakaanza kufua wenyewe nyumbani. Ikatoka amri kwamba kufua nyumbani ni kuharibu ushahidi, na kila nguo lazima ipite kwa dobi. Biashara yangu ikakua. Siwezi kusema Serikali haikunisaidia.

*

Uzi wa njano ulikuwa wa Bwana Mwinjuma, rafiki yangu. Alifanya kazi ofisi ya hali ya hewa. Alisema kwenye redio kwamba siku ya sherehe za kuzaliwa kwa Mlezi wa Taifa mvua itanyesha. Mvua ikanyesha. Ikawa wazi kwamba yeye na mvua walikuwa wamepanga pamoja. Kesho yake asubuhi watu wa Idara ya Uchunguzi walimwomba aende akawasaidie, na kwa kuwa ni mtu anayependa kusaidia, hajamaliza.

Alitoka na fulana. Mashati yake yote yalikuwa kwangu yakisubiri pasi.

Mkewe ni Bi Sikudhani. Tunaitana shemeji. Kila Jumatatu aliniletea mashati yale yale, safi kama nilivyomrudishia. Mara ya kwanza nilimwambia, "Shemeji, haya hayajavaliwa."

"Najua."

"Sasa nifue nini?"

"Fua vumbi. Hakusema atarudi saa ngapi. Akikuta shati lina makunyanzi atasema nilikaa tu."

Sikuuliza tena. Nilifua, nikapiga pasi.

Kila Ijumaa alipika, akajaza hotipoti ya kijani, akaipeleka kwenye geti la Idara ya Uchunguzi. Askari wa pale hakuwa na maneno. Aliichukua, akaingia nayo ndani, na Bi Sikudhani akasubiri ng'ambo ya barabara mpaka irudi tupu. Kisha alipitia kwangu, akaifungua mbele yangu. Hotipoti ile tupu ndiyo habari pekee ya mumewe aliyokuwa akiipata.

"Amekula," alikuwa akisema. "Tazama, shemeji. Pilipili yote imekwisha. Nani mwingine anaweza kula pilipili hii?"

Ni kweli. Bwana Mwinjuma alikuwa akila pilipili kama anamkomoa mtu.

*

Nyuzi zilikuwa nyingi, na Jumanne moja Bwana Masumbuko akaufikia wa njano kwa mara ya kwanza. Alichukua shati, akafumba macho, akayafumbua.

"Sabuni," alisema. "Humu hamna mtu."

Akageuza kwapa. Akachukua shati jingine, na jingine. Akavuta kigoda akakaa.

"Dobi, huyu bwana hatoi jasho."

"Hatoi, afisa."

"Kwa joto hili? Mimi natoka jasho, na mimi ni Serikali."

"Afisa, mwenye mashati haya hayupo. Yuko kwenu."

"Kwetu wapi?"

"Idara ya Uchunguzi."

Alifunika pua haraka, kama nimemvua nguo. "Hayo umeyajuaje? Walioko kule ni siri. Mimi sijui nani yuko kule. Hata Mkurugenzi Mkuu hajui. Serikali nayo ina faragha yake, bwana!"

Aliomba radhi kwa kupandisha sauti, kisha akaenda kuripoti.

Kufikia Alhamisi nchi nzima ilikuwa ikimtafuta Bwana Mwinjuma. Dokta Chekanao alisema redioni, "Anatembea kati yetu, mkavu." Mabango yalibandikwa yenye picha ya shati tupu na maneno UKIMWONA, USIMKARIBIE. Watu wakaogopa kuonekana wakavu. Kabla ya kupita mbele ya polisi walijimwagia maji makwapani. Mama Tausi aliacha kuuza chapati akauza maji ya kujimwagia. Akaniambia faida ni nzuri na hayaungui.

Watu wa Idara ya Wateja wakaenda kwa Bi Sikudhani. Wakatazama chini ya kitanda, wakafungua pipa la unga.

"Mumeo yuko wapi, mama?"

"Kwenu."

"Mama, usitoe siri za Serikali."

"Nampelekea chakula kila Ijumaa. Kesho nampelekea kingine."

"Hiyo pia ni siri. Unazidi kujiharibia."

Wakampa mpaka Jumanne. Kama mashati ya mumewe yangekuwa bado makavu, ingekuwa zamu yake kwenda kusaidia uchunguzi.

Alikuja kwangu Jumatatu kama kawaida, akaweka mashati mezani. Hakulia. Alikuwa na uso wa mtu anayesubiri foleni.

"Shemeji, mimi kwenda si kitu," alisema. "Lakini nani atapeleka hotipoti?"

"Nitapeleka mimi."

"Hawapokei kwako. Ni mke au mama mzazi. Na mama yake tulishamzika."

"Basi ndugu yake."

"Ndugu zake wamebadili jina."

Tukakaa. Mkaa ulikuwa unashika ndani ya pasi. Aliyatazama mashati kidogo, akainuka, akaenda zake.

*

Alipoondoka nikavua shati langu, nikavaa moja la mumewe. Kola ilinibana. Bwana Mwinjuma ana shingo nyembamba, au alikuwa nayo. Nikachukua pasi, nikafunga mlango wa kibanda na dirisha, nikapiga pasi mashuka ya hosteli ya manesi. Shati likalowa. Nikalivua, nikavaa jingine. Niliyavaa yote, moja moja, mchana wote, na sikuwaza kitu. Niliwaza kwamba mikono yake ni mirefu kuliko yangu.

Jumanne Bwana Masumbuko alikuja na askari wawili wa kumchukua Bi Sikudhani, wakasimama nje. Alifunua pua. Akanusa uzi wa njano.

Machozi yakamlengalenga. "Huyu hapa!" alisema. "Jasho la kwapa, moshi kidogo, woga wa wastani. Raia kamili! Dobi, karudi."

"Ashukuriwe Mungu, afisa."

Akanusa tena. Kisha akasogeza pua kwangu. "Kuna kitu anafanana na wewe."

"Tunatumia sabuni moja, afisa."

Alifikiri. "Umoja wa kitaifa," alisema, akaifunika pua, akawaambia askari waende wakapumzike.

Mabango yakabanduliwa. Dokta Chekanao alitangaza kwamba kampeni imefaulu na raia aliyekuwa mkavu ameloa kwa hiari yake. Wiki hiyo hiyo waliletwa wapiga ngoma mtaani kwetu kumkabidhi Bwana Mwinjuma Cheti cha Jasho la Kuridhisha. Waliuliza yuko wapi. Bi Sikudhani akasema yuko kazini. Wakampa yeye ashike, wakampiga picha. Sikumwambia nilichofanya, wala hakuniuliza. Ila Jumatatu iliyofuata alipoleta mashati alisema, "Yafue vizuri, yana moshi," akanitazama, na nikaona anajua.

Tangu hapo Jumatatu ikawa siku yangu ya kumvaa Bwana Mwinjuma. Mtu huzoea. Kola niliiacha wazi, na mikono niliikunja.

*

Halafu ikatokea jambo ambalo gazeti la Serikali liliandika kwa herufi nene. Idara mbili zilizungumza. Tangu nchi ipate uhuru haikuwahi kutokea. Idara ya Kuwajali Wateja wa Wengine iliipelekea Idara ya Uchunguzi habari zake zote, kama zawadi, katika sherehe iliyokuwa na keki.

Ijumaa iliyofuata Bi Sikudhani alikuja kwangu mapema kuliko kawaida. Niliona anavyobeba hotipoti. Ilikuwa nzito.

Aliiweka mezani akakaa kwenye kigoda cha Bwana Masumbuko.

"Leo yule askari kaongea," alisema.

"Kasema nini?"

"Kaniuliza, 'Mama, unamletea nani?' Nikamwambia mume wangu. Kaenda ndani, karudi. Ananiambia, 'Mumeo yuko nyumbani. Tuna habari zake hapa. Anatoa jasho kila wiki, pua ya Serikali imethibitisha.'"

Nikaiweka pasi chini.

"Nikamwambia, mwanangu, Ijumaa iliyopita si wewe uliyepokea hii hotipoti? Akasema, 'Ijumaa iliyopita hatukuwa na habari. Sasa tunazo.' Nikamwambia, na aliyekuwa anakula? Akasema, 'Hakuna aliyekula, mama. Mtu huyo hajawahi kuwa hapa. Angekuwaje hapa na yuko kwako?'" Akaisogeza hotipoti mezani. "Alisema kwa adabu. Alinishika mkono kunivusha barabara."

"Shemeji," nilisema, "nilitaka wasikuchukue."

"Najua."

"Sikujua kwamba..."

"Hawakunichukua," alisema.

Nje Mama Tausi alikuwa akiita wateja. Alikuwa amerudia chapati. Ndani ya kibanda nguo za watu zilikuwa zimejaa hadi mlangoni, zote zina alama, zote zimenuswa. Nilitaka kumwambia twende sote getini, niseme ni jasho langu. Nikafikiria yule askari mwenye adabu akienda ndani na kurudi. Angeniuliza mimi ni nani, kisha angetazama habari zangu, na humo ningeonekana mimi ni dobi anayetumia sabuni moja na Bwana Mwinjuma. Au angenisadiki. Kisha Bi Sikudhani angekuwa na mume mkavu tena, na Jumanne ingefika. Nikabaki nimesimama.

Yeye ndiye aliyeinuka. Alikwenda kwenye rundo lililopigwa pasi, akafunua kola moja moja mpaka akaona uzi wa njano. Lilikuwa shati la bluu, la kwendea ofisini. Akalikunjua, akanishikia kama mtu anavyomshikia mtu shati.

"Vaa," alisema.

"Leo si Jumatatu, shemeji."

"Vaa."

Nikavaa. Akanifunga vifungo vyote, na cha kola, kile nilichokuwa nikikiacha. Akanikunjua mikono ya shati ikafika vidoleni. Kisha akafungua hotipoti. Wali, maharage ya nazi, na pilipili mbichi zimekatwa nyingi juu yake.

"Kula," alisema. "Usibakize."

Nilikula. Aliketi akiniangalia, mikono mapajani. Nilipomaliza alichukua hotipoti, akaiinamisha kwenye mwanga wa mlango, akatazama ndani kama alivyokuwa akifanya kila Ijumaa.

"Amekula," alisema.

Akaifunika, akaichukua, akaenda kwake.

Pilipili ilikuwa kali. Jasho lilinishuka usoni mpaka ndani ya kola, nami sikuifungua. Jumanne Bwana Masumbuko alisema hajawahi kunusa jasho zuri kama lile katika uzi wa njano, akaandika kwamba Bwana Mwinjuma anaendelea vizuri.